Wadudu wa kumlisha kinyonga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayefuga kinyonga anafuga wanyama wawili: kinyonga mwenyewe, na wadudu anaowala. Wengi hujiandaa vizuri kwa yule wa kwanza, wakatafuta taa, matawi na kizimba kizuri, halafu wadudu wakaachwa kwenye boksi na kipande cha karoti kilichonyauka. Kinyonga anapopinda miguu, anapofumba macho mchana au anapokataa kula, ukifuatilia chanzo mara nyingi unaishia kwenye lile boksi. Ndiyo maana majibu haya yanamzungumzia mdudu kwa kirefu.

Nianze na mdudu gani?

Nyenje au mende wa dubia. Wengine utawaongeza taratibu.

Nyenje hatulii, na hiyo ndiyo sifa yake kuu. Kinyonga huvutwa na kinachosogea, na nyenje anayepanda tawi humwamsha hata kinyonga mvivu. Wanaofugwa zaidi ni wa aina tatu. Nyenje wa nyumbani, Acheta domesticus, ana rangi ya majani makavu. Gryllus bimaculatus ni mweusi, mnene, mwenye madoa mawili ya njano mwanzoni mwa mbawa. Gryllodes sigillatus ni mdogo zaidi, ana mistari myeusi mgongoni na mbio za ajabu. Wa nyumbani hushikika kirahisi, lakini ndiye anayeangamizwa na densovirasi, virusi vilivyotambuliwa kwa nyenje wa kufugwa Ulaya mwaka 1977 na ambavyo baadaye, kuanzia 2009 hivi, vilifagia mashamba ya nyenje Amerika Kaskazini. Sigillatus huvistahimili, na ndiyo sababu wafugaji wengi walihamia kwake.

Mende wa dubia, Blaptica dubia, asili yake ni Amerika Kusini. Halii usiku, hana harufu kali, na hawezi kupanda plastiki laini. Ana nyama nyingi kuliko ganda ukimlinganisha na nyenje wa ukubwa uleule. Kasoro yake ni kwamba akidondoka chini ya kizimba hujificha na kutulia kabisa, na kinyonga hatamtambua tena. Huyu anafaa kutolewa kwenye bakuli.

Kinyonga wangu anapenda nyenje tu. Kuna ubaya gani kumpa nyenje kila siku?

Ubaya ni wa aina mbili. Kwanza, hakuna mdudu mmoja mwenye kila kitu. Kila aina ina mafuta, protini, maji na madini kwa kiasi chake. Pili, vinyonga huchoka na chakula kimoja. Anayekula nyenje kwa hamu leo anaweza kuamka siku moja akiwatazama tu wakimpita puani, na hapo utaanza kuhangaika kutafuta mdudu mwingine wakati huna.

Mimi napendelea kuwa na wadudu wawili wa msingi, kwa mfano nyenje na mende, au nyenje na nzige, kisha viwavi wa hariri au funza wa nzi chuma waingie mara moja moja kwa wiki. Viwavi wa nta wana mafuta mengi. Hao ni wa kumbembeleza mgonjwa au kumtuza, wala wasifanywe mlo.

Mdudu awe na ukubwa gani?

Urefu wa mdudu usizidi upana wa kichwa cha kinyonga. Kwa mdudu laini, kama kiwavi wa hariri, unaweza kulegeza kidogo. Kwa mwenye ganda gumu usilegeze. Ukikosa uhakika, chagua mdogo. Kinyonga hupata nguvu ileile kwa kula wawili wadogo, na hujizoeza kulenga.

Nimpe wangapi, na mara ngapi?

Mtoto anayekua hula kila siku, wadudu wadogo, kadiri atakavyokula ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Akikaribia miezi sita unaanza kupunguza. Kinyonga mzima, kwa aina wanaofugwa zaidi, hutosheka na wadudu watatu hadi watano wa wastani kila baada ya siku moja.

Kosa linalodhuru vinyonga wazima wengi ni kushibishwa kupita kiasi, na anayeumia zaidi ni jike wa kinyonga wa Yemen, Chamaeleo calyptratus. Jike huyu hutaga hata kama hajawahi kukutana na dume. Chakula kingi pamoja na joto kali humfanya atunge mayai mengi, wakati mwingine makumi kadhaa kwa mkupuo mmoja, na kila yai linachota kalsiamu kutoka mwilini mwake. Wengine hushindwa kuyatoa wakafa nayo. Jike mzima wa aina hii apewe wadudu wachache, mara tatu kwa wiki, na joto la mahali pa kuota lipunguzwe kidogo. Atakutazama kwa macho ya kudai kila unapopita. Mvumilie, unamwongezea miaka.

Watu husema wadudu washibishwe kwanza. Maana yake nini?

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote.

Mdudu aliyesafirishwa siku mbili au tatu ndani ya boksi lisilo na chakula amebaki ganda, maji kidogo na utumbo mtupu. Ukimchukua hapo hapo ukamtupia kinyonga, umemlisha kidogo sana. Sehemu kubwa ya vitamini na madini ambayo kinyonga atayapata iko ndani ya tumbo la mdudu, kwa hiyo kile mdudu alichokula jana ndicho kinyonga anachokula leo. Porini, kinyonga hula wadudu waliokula majani, maua na chavua za kila namna. Nyumbani kazi hiyo ni yako.

Kuna chakula cha aina mbili, na watu huvichanganya. Kipo chakula cha kila siku kinachowafanya wadudu wakue na kuzaa: pumba laini ya ngano, shayiri iliyosagwa, majani makavu ya lusini, na mboga mbichi kidogo kwa ajili ya maji. Halafu kipo cha saa 24 hadi 48 za mwisho kabla ya kuliwa, na hiki ndicho cha kutia nguvu: majani ya kijani kibichi yenye kalsiamu, kama ya haradali na mlonge, karoti na boga kwa karotini, kipande cha papai au chungwa, na chavua ya nyuki ukiipata. Mchanganyiko maalumu wenye kalsiamu nyingi ni wa saa hizo za mwisho tu. Nyenje wakiula siku nyingi mfululizo hudhoofika na kufa.

Spinachi na mchicha wana oksaleti, ambayo huishika kalsiamu ikashindwa kufyonzwa, kwa hiyo wasiwe chakula cha kutegemea. Saladi nyeupe ni maji matupu. Parachichi, majani ya nyanya na majani ya viazi mviringo usiyaingize boksini kabisa. Na chakula cha mbwa au paka, ambacho wengi hukitupia mende kwa sababu hukua haraka wakikila, kina protini nyingi mno. Mende huhifadhi nitrojeni ya ziada mwilini kama asidi ya yuriki, na kinyonga anayekula mende wa namna hiyo kila siku anabebeshwa asidi hiyo yote. Ikirundikana huleta jongo, na jongo kwa mijusi ni ugonjwa wa maumivu makali. Mende apewe nafaka na mboga, protini ya wanyama kidogo sana.

Kabla ya kumtoa mdudu, mtazame tumbo. Nyenje aliyeshiba ana tumbo lililojaa, na ukimshika dhidi ya mwanga utaona rangi ya alichokula. Aliyesinyaa mrudishe akale.

Kama wameshiba vizuri, bado nahitaji unga wa kalsiamu?

Ndiyo. Karibu wadudu wote wa kulisha wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na kwa nyenje tofauti hiyo ni ya mara kadhaa. Mwili wa kinyonga unahitaji kinyume chake: kalsiamu iwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya fosforasi. Kalsiamu ikikosekana kwenye chakula, mwili huichukua kutoka mifupani. Hapo ndipo utamwona mtoto wa kinyonga akitembea kwa viwiko, taya limelainika, miguu imepinda matege, na ulimi umekosa nguvu ya kurushwa. Mifupa iliyokwisha kupinda hainyooki tena hata ugonjwa ukitibiwa.

Utaratibu unaowafaa wengi ni huu: unga wa kalsiamu usio na vitamini D3 karibu kila mlo, kwa kiasi chepesi, kisha unga wenye D3 na vitamini nyingine mara moja kila wiki mbili. D3 nyingine kinyonga huitengeneza mwenyewe ngozini akipata mionzi ya UVB, iliyomo kwenye mwanga wa jua. Dirisha la kioo haliipitishi mionzi hiyo, kwa hiyo kuota jua nyuma ya kioo hakumsaidii kwa hili.

Kwa nini usimpe D3 kila siku ili kujihakikishia? Kwa sababu ikizidi haitoki mwilini kirahisi, na kalsiamu huanza kujijenga mahali isipotakiwa, kwenye figo na mishipa ya damu. Vitamini A nayo ni hivyo hivyo: ikipungua macho huvimba na kufumba, ikizidi ni sumu. Vinyonga wa milimani, kama yule wa pembe tatu wa Jackson, Trioceros jacksonii, kwa kawaida hupewa nyongeza hizi kwa mkono mwepesi zaidi kuliko wa Yemen au kinyonga chui wa Madagaska, Furcifer pardalis.

Kupaka ni rahisi. Weka wadudu wa mlo mmoja kwenye kopo lenye unga kidogo, zungusha taratibu mpaka wapate vumbi jembamba, na uwatoe mara moja. Wakiwa weupe kabisa umezidisha, na vinyonga wengine huwakataa. Nyenje hujisafisha haraka. Ukimtoa asubuhi akaliwa jioni, unga umeshabaki kwenye matawi.

Nyenje wangu wanakufa hovyo ndani ya siku chache. Tatizo nini?

Mara nyingi ni unyevu. Watu hudhani nyenje wanataka unyevunyevu kwa sababu huwaona bustanini baada ya mvua. Boksini wanataka ukavu na hewa inayopita. Mfuniko wa plastiki wenye matundu machache huhifadhi mvuke, kinyesi hulowa, hewa huchafuka, na asubuhi unakuta harufu ya kuoza na nusu ya nyenje wamelala chali. Kata dirisha kubwa kwenye mfuniko na upande mmoja, kisha ubandike wavu wa chuma. Wavu wa plastiki wataula.

Sababu ya pili ni msongamano. Nyenje wakibanana hulana, hasa mwenzao anapojivua ganda na bado mwili wake ni laini. Jaza boksi trei za mayai za karatasi zilizosimamishwa wima. Kila uso wa trei ni nafasi ya ziada, na kinyesi hudondoka chini badala ya kukaa wanapolala.

Maji ni sababu ya tatu. Kisahani kilicho wazi huwazamisha, hasa watoto. Vipande vya karoti au chungwa vinavyobadilishwa kila siku vinatosha, au sifongo yenye maji inayooshwa mara kwa mara. Maiti zitolewe kila siku bila kuchelewa. Na boksi lisikae mahali penye ubaridi, wala karibu na dawa ya mbu, manukato ya kupuliza au dawa ya viroboto ya mbwa. Dawa inayomuua mbu humuua nyenje, na nyenje aliyepata kidogo bila kufa ataipeleka kwa kinyonga.

Wakifa kwa wingi ingawa boksi ni kavu, safi na lina chakula, wakiwa wamelegea na kutapatapa chali, shuku virusi. Usichanganye waliobaki na kundi jipya. Toa kila kitu, tupa trei zote, osha boksi kwa dawa ya klorini, liache likauke kabisa, kisha anza na aina nyingine ya nyenje.

Naweza kuwazalisha nyenje mwenyewe?

Unaweza, na utafaidi kwa jambo moja ambalo wa kununua hawakupi: watoto wa ukubwa wowote, wakati wowote.

Wazima utawajua kwa mbawa kamili. Jike ana mrija mwembamba wa kutagia unaochomoza nyuma, katikati ya nyuzi mbili za mkia; dume hana mrija huo, na ndiye anayelia. Weka majike mengi kuliko madume. Ndani ya boksi tia kopo fupi lililojaa udongo laini usio na mbolea wala dawa, wenye unyevu wa kushikamana ukiufinya lakini usiochuruzika. Funika juu kwa wavu wa matundu ambayo mrija wa jike unapita lakini miili yao haipiti, la sivyo wataufukua na kula mayai. Baada ya siku mbili tatu utaona mayai meupe marefu ubavuni mwa kopo.

Toa kopo, liweke kwenye boksi lake, kwenye joto la nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi, na udongo usikauke hata siku moja. Kwa joto hilo mayai ya nyenje wa nyumbani huanguliwa karibu wiki mbili baadaye. Tunutu wanaotoka ni wadogo mno, na adui yao mkubwa ni tone la maji: hunasa ndani yake wakafa. Wape chakula kilichosagwa kuwa unga na mboga iliyopanguswa ikakauka juu. Wiki sita hadi nane baadaye wamekuwa wazima. Kwa kuwa wakubwa huwala wadogo, tenganisha kila kundi kwa umri. Ukiweka kopo jipya kila wiki, hutakosa ukubwa unaoutaka.

Mende wa dubia wakitoroka hawatajaza nyumba?

Dubia anahitaji joto la juu ya nyuzi 25 au zaidi mfululizo ndipo azaliane vizuri, hapandi ukuta laini, na hukua polepole. Mahali penye baridi anayetoroka hatafika mbali. Penye joto la kudumu usijiaminishe hivyo: tumia boksi refu lenye kuta laini na mfuniko wenye wavu. Baadhi ya maeneo yana sheria zinazokataza kufuga dubia, uliza kwanza.

Jike ana vijibawa vifupi, dume ana mbawa ndefu zinazofunika tumbo. Jike hatagi nje; hubeba kifuko cha mayai ndani ya mwili na kutoa watoto walio hai, ishirini hadi arobaini kwa uzazi mmoja. Trei za mayai wima, giza, joto la nyuzi 28 hadi 32, nafaka kavu na kipande cha tunda au karoti, basi. Hawahitaji udongo. Usiwasafishe kila wiki: kinyesi kikavu hakiwadhuru, na watoto wadogo hujificha humo. Mtoto wa dubia huchukua miezi minne hadi sita kukomaa, kwa hiyo miezi ya mwanzo usile mtaji. Anayeanza kulisha kutoka kundi lake mapema hubaki na madume na wazee.

Vumbi la mende huwaletea watu wengine mzio: mafua, macho kuwasha, hata pumu. Ukianza kupiga chafya kila ukifungua boksi, vaa barakoa na glavu, au hamia kwa wadudu wengine.

Na viwavi wa hariri?

Kama ningetakiwa kuchagua mdudu mmoja wa kumpa kinyonga dhaifu, ningemchagua huyu. Ni laini, ana maji mengi na mafuta machache, na hana ganda la kumsumbua tumbo. Hula majani ya mforosadi tu, au unga maalumu uliotengenezwa kwa majani hayo. Kutoka yai hadi kukomaa huchukua karibu mwezi mmoja, na uzito wake huongezeka takriban mara elfu kumi, hivyo mkono uliochelewa kuleta majani siku moja utauona wazi katika kimo chao.

Majani yawe mabichi lakini makavu. Majani yenye maji, mikono michafu na boksi lililofungwa huleta ugonjwa unaowageuza viwavi wote kuwa weusi na majimaji kwa siku mbili. Walioachwa wakasokota vifukofuko hutoka nondo weupe wasioweza kuruka. Jike hutaga mayai mia kadhaa. Mengi huhitaji miezi kadhaa ya baridi ndani ya friji kabla ya kuanguliwa, jambo linalokupa nafasi ya kupanga lini utayatoa.

Yupo pia kiwavi mkubwa wa kijani mwenye pembe mkiani, Manduca sexta, ambaye ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Anamfaa kinyonga aliyekaukiwa. Mchukue aliyelelewa kwa chakula maalumu tu. Aliyetolewa kwenye tumbaku au nyanya amebeba sumu za mmea huo.

Nzige je?

Vinyonga wengi huwapenda kuliko kitu kingine, na nzige hula majani mabichi, kwa hiyo kuwashibisha ni rahisi: nyasi safi au ngano iliyooteshwa. Wanahitaji joto kali, nyuzi 30 hadi 35 mchana, ukavu, na kopo la mchanga wenye unyevu lenye kina cha sentimita kumi au zaidi ili jike azamishe tumbo na kutaga. Sheria kuhusu ufugaji wa nzige hutofautiana, kwa sababu zilizo wazi kwa yeyote anayelima.

Ni kweli funza wakubwa hutoboa tumbo la kinyonga wakatoka nje?

Si kweli. Mdudu aliyetafunwa na kumezwa hufa kwa kukosa hewa na kwa asidi ya tumbo. Huna haja ya kuwaponda vichwa.

Funza wa unga, Tenebrio molitor, hufugwa kwenye pumba na huwekwa friji ili wasikomae haraka. Zophobas morio, aliye mkubwa zaidi, hufa friji; yeye huzuiwa kukomaa na msongamano wa wenzake. Ukitaka awe mbawakawa, mtenge peke yake kwenye kikopo chenye giza bila chakula. Ndani ya wiki moja au mbili hujikunja na kuwa buu bwete. Wote wawili wana ganda na mafuta ya kutosha. Ni nyongeza tu.

Funza wa nzi chuma hawahitaji kupakwa kalsiamu?

Funza wa Hermetia illucens kwa kawaida ana kalsiamu nyingi kuliko fosforasi, jambo adimu kwa wadudu, kwa hiyo hapakwi. Wengine hutoka kwenye kinyesi cha kinyonga wakiwa wazima bila kuyeyuka, kwa sababu ya ngozi ngumu. Ukiona hivyo mara kwa mara, punguza.

Waache wachache wawe nzi. Nzi hawa hawaumi, hawasumbui chakula cha watu, na kinyonga akiwaona wakiruka hubadilika kabisa: hufuata, hupima, hurusha ulimi kwa umbali. Ila kalsiamu nyingi ya funza hubaki kwenye ganda analoliacha anapotoka kuwa nzi, kwa hiyo nzi mpake unga.

Watoto wa kinyonga waliototolewa juzi nitawalisha nini?

Nzi wadogo wa matunda wasioruka, pamoja na tunutu wa nyenje wa siku za kwanza. Drosophila melanogaster ni mdogo na hutoa kizazi kipya kwa siku kumi hadi kumi na nne kwenye nyuzi 25 hivi. Drosophila hydei ni mkubwa zaidi na huchelewa hadi wiki tatu au zaidi. Chupa, uji mzito wa shayiri na ndizi, siki kidogo ya kuzuia ukungu, chembe za hamira juu, karatasi iliyokunjwa ya kupandia, na kitambaa mdomoni. Anzisha chupa mpya kila wiki, maana vinyonga wachanga hula kuliko unavyotarajia. Nzi wa mtaani wasiingie: kutoruka ni urithi unaofichwa wakizaliana na wanaoruka, na kizazi kijacho chote kitakuwa hewani.

Naweza kuwakamata wadudu nje?

Faida yake ni kubwa na hatari yake ni kubwa. Mdudu wa nje amekula mimea ya namna nyingi, lakini hujui alipita shamba gani lililopuliziwa dawa jana, wala vimelea gani anabeba. Ukiwa na eneo unalolijua vizuri, mbali na mashamba na barabara, panzi wa kijani, nondo na nzi wa mauani wanaweza kuingia mara chache. Vimulimuli usimpe kamwe; baadhi yao wana sumu kali kiasi kwamba kimulimuli mmoja tu ameshaua mjusi. Epuka pia panzi na viwavi wenye rangi kali, mbawakawa wanaotoa majimaji ya kubabua ngozi, viwavi wenye nywele, nyuki na nyigu. Kama humtambui mdudu, mwache.

Waliokaushwa wanafaa?

Hapana. Hawasogei, hawana maji, na kinyonga huishi kwa kutazama kinachosogea.

Niwaachie huru kizimbani au niwaweke kwenye bakuli?

Vyote viwili. Kuwinda kunamzoeza macho, ulimi na miguu. Bakuli hukuonyesha amekula wangapi, na unga haupotei. Bakuli liwe refu, lenye ukuta laini kwa nje anakoliona na wavu kwa ndani ili wadudu wapande wakaonekane, lining'inizwe karibu na tawi analopenda. Nyenje waliobaki jioni watoe. Usiku taa zikizimwa, nyenje mwenye njaa humuuma kinyonga aliyelala, kwenye kope, kwenye vidole, kwenye mkia. Ukishindwa kuwakamata wote, waachie kipande cha karoti chini ili wale hicho.

Amegoma kula. Nifanye nini?

Kama ni mzima wa mwili, macho yamejaa na yanazunguka, na anakunywa maji, siku kadhaa bila kula si msiba. Dume hugoma akiona jike, au hata akiona taswira yake kwenye kioo. Jike anayekaribia kutaga hugoma na kuanza kutembea chini. Muwekee udongo wa kuchimba haraka. Pima joto, kwa sababu kinyonga aliyepoa hawezi kumeng'enya. Kisha badilisha mdudu: nzi anayeruka au kiwavi wa kijani mara nyingi huvunja mgomo.

Macho yaliyozama, kufumba mchana, kulenga na kukosa mara kwa mara, au ulimi unaotoka nusu: hayo ni ya daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao, na usingoje wiki.

Boksi langu limejaa vidudu vidogo kama vumbi linalotembea.

Ni utitiri wa nafaka. Huja na unyevu. Kausha, ongeza hewa, toa mboga zilizobaki kila jioni, hamishia wadudu wazima kwenye boksi jipya kwa kuwachagua mmoja mmoja, na choma pumba ya zamani. Nafaka mpya zigandishe siku mbili kwenye friza kabla ya kuzitumia. Hawamdhuru kinyonga moja kwa moja, lakini huwanyima wadudu chakula na kuwadhoofisha, na mayai ya nzi wa matunda hayastahimili.

Wadudu wamezidi. Niwaachie nje?

Usifanye hivyo. Nyenje, mende na mbawakawa wa kigeni wakipata mahali panapowafaa huenea, na magonjwa yao huenea nao. Waliozidi wagandishe kwenye friza usiku mzima, kisha wape kuku wa jirani au uwazike kwenye mboji. Kundi la mende likikua kuliko mahitaji, punguza joto hadi nyuzi 22 hivi na uondoe baadhi ya madume. Uzazi utapungua wenyewe, na ukihitaji tena, rudisha joto.